Sogora, Jemadari na Namba ya Tausi

Nchi hii inalo jina, tena zuri, ila jina lenyewe limo ndani ya faili linalosubiri sahihi ya tatu. Sahihi mbili za kwanza zimeshapatikana. Kwa hiyo, kwa kuheshimu utaratibu, tuiite nchi tu, na watu wake tuwaite wananchi, kama wanavyoitwa siku za hotuba.

Katika nchi hiyo mtu hazaliwi kwa kuzaliwa. Kutoka tumboni, kulia, kufunikwa khanga na kunyonya, hayo ni mambo ya nyumbani. Mtu huzaliwa rasmi pale kompyuta ya Idara ya Kuzaliwa na Kufa inapomtolea namba yenye tarakimu kumi na tisa. Kabla ya hapo ni uvumi.

Mwajabu alikuwa na uvumi wa wiki kumi mgongoni. Aliuita Tausi.

Tena Mwajabu mwenyewe alikuwa mtumishi wa idara hiyo hiyo, Msaidizi wa Pili wa Mitambo. Kazi hiyo aliifanya huku jioni akisomea cheti cha kompyuta kwa miaka miwili, miezi ya mwisho tumbo likigusa ukingo wa dawati na mtoto akipiga teke kila mwalimu alipofuta ubao. Alikuwa akiipenda ile mashine ya Dirisha la Uzazi kama mtu anavyompenda ng'ombe wa maziwa. Sasa mashine ikazimika, siku tisa kabla Tausi hajatoka.

Aliifungua kwa bisibisi, akanusa, akajua. Ni prosesa: kile kijidude bapa, cha mraba, kikubwa kama biskuti, kinachofanya hesabu zote humo ndani. Kilikuwa kimeungua. Akaandika barua ya mstari mmoja: "Prosesa imeungua, tununue nyingine kama ile, kazi ya nusu saa."

Barua ilirudi baada ya wiki sita ikiwa na mihuri saba na swali moja: "Kama ile, ukiilinganisha na ipi?"

Kwani nchi hiyo ilikuwa na Sheria ya Ulinganisho. Serikali haikuruhusiwa kununua kitu, hata sindano, bila kwanza kukilinganisha na kingine. Mwaka uliotangulia ilitumia miezi mitano kulinganisha mafagio mawili, na wakati huo takataka zilihesabiwa kuwa za muda.

Wakati ulinganisho unasubiriwa, Mkurugenzi wa Idara, Bwana Chambuso, hakutaka mashine ikae pale bila hadhi. Aliagiza iandikiwe cheti cha kifo. Dirisha la Vifo lilikuwa na mtambo wake mwenyewe, na huo haukuwahi kugoma hata asubuhi moja. Cheti kikatoka dakika ile ile, kikawekwa kwenye fremu, kikatundikwa ukutani juu ya marehemu.

*

Mwajabu alimpeleka Tausi hospitali kwa sababu mtoto alikuwa hamtazami. Kijiko kikidondoka anageuza shingo. Akiimbiwa anacheka mpaka fizi zinaonekana. Lakini uso wa mama yake ukimjia kimya kimya, hata ukiwa karibu kama titi, anaupita tu kama unavyopita ukuta.

Daktari wa macho, mama mnene mpole aitwaye Daktari Kizibo, alimulika kitochi chake, akakimulika tena.

"Mama Tausi, unaona hapa katikati, panapotakiwa kuwa peusi?"

"Naona peupe, daktari."

"Ni ukungu. Macho yote mawili. Usilie, ukungu huu unatolewa. Wapo madaktari wageni hapa, kambi yao ni ya siku ishirini na moja, wanapasua bure. Ila nisikilize vizuri. Jicho la mtoto hujifunza kuona miezi hii ya mwanzo. Lisipofunguliwa sasa, hata tukilifungua mwakani huenda lisijue la kufanya na mwanga. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Hata leo mpasueni."

"Nipe namba yake."

Mwajabu akamtazama Tausi, kana kwamba namba ingekuwa imeandikwa mahali fulani kwenye nepi.

"Namba ya kuzaliwa, mama. Siwezi kumpasua mtu ambaye hajazaliwa. Kisu kikiteleza nitaulizwa nimemkosea nani."

*

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu, simama hapo hapo."

Bwana Chambuso alikuwa mtu wa huruma sana. Alimsikiliza Mwajabu mpaka mwisho akiwa amefumba macho, ili huruma isimwagike. Halafu akafumbua.

"Wewe unaona mtoto mmoja, Mwajabu. Nafasi yangu inanilazimu kuwaona watoto wote. Na ukiwaona wote kwa pamoja, hakuna hata mmoja mwenye haraka."

"Mzee, kambi ni siku ishirini na moja."

"Vizuri sana. Kamati inaundwa kesho."

Nje, kwenye korido, Semeni wa Dirisha la Vifo alimvuta kwa kiwiko. Semeni alikuwa shoga yake tangu siku ya kwanza kazini, mwenye mdomo usiojua kupumzika.

"Kakwambiaje?"

"Kamati."

"Yarabi. Shoga, kwangu mashine inapiga kazi kama cherehani. Ningemwandika mwanao huku, namba ungeipata saa hii hii."

"Semeni!"

"Natania, jamani. Natania." Akamchukua Tausi, akampuliza shingoni mpaka mtoto akacheka. "Lakini angalia nchi yetu. Mlango wa kutokea ndio pekee usio na foleni."

*

Kamati ya Taifa ya Ulinganisho ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, chini ya Bwana Chambuso mwenyewe. Alikuwamo refa mstaafu wa mpira, kwa sababu ya uadilifu. Alikuwamo mtaalamu wa mbolea, kwa sababu alikuwa mtaalamu. Mwajabu hakuwamo, lakini aliruhusiwa kuleta maji ya kunywa na kujibu akiulizwa.

Kikao cha kwanza kilijadili jina la kamati. Kikao cha pili kilipitisha jina lililokuwapo. Katika cha tatu, zikiwa zimebaki siku kumi na tatu, prosesa mbili ziliwekwa mezani juu ya kitambaa cha kijani. Zilikuwa sampuli, zilizoazimwa dukani. Moja iliitwa Sogora. Nyingine iliitwa Jemadari, na bei yake ilikuwa mara tano ya mwenzake.

"Msaidizi wa Pili," alisema Bwana Chambuso, "tueleze kwa lugha ya taifa."

Mwajabu aliweka jagi chini. Usiku kucha alikuwa amejizoeza maneno hayo huku akinyonyesha.

"Waheshimiwa, ndani ya prosesa mna viini. Kiini ni kama karani mmoja. Sogora ana makarani sita. Jemadari anao kumi na sita."

"Eee!" ilisema kamati.

"Lakini programu yetu ya kuandikisha watoto ni ya zamani. Inajua kumtuma karani mmoja tu. Kwa hiyo ndani ya Jemadari mmoja atafanya kazi, na kumi na watano watakaa."

"Watakaa wapi?" aliuliza mtaalamu wa mbolea.

"Humo humo ndani, mzee. Wakila umeme."

Bwana Chambuso akarudia polepole, kwa sauti ya mtu aliyesikia kijiji chake kikitajwa redioni: "Mmoja anafanya kazi. Kumi na watano wanamwangalia." Akavua miwani. "Waheshimiwa, hii prosesa imesomea utumishi wa umma."

Wakapiga meza kwa furaha.

"Tena yule karani mmoja wa Sogora ana mbio kuliko wa Jemadari," Mwajabu alijikaza. "Na bei yake ni ndogo. Na Sogora anaingia kwenye tundu la mashine yetu. Jemadari miguu yake ni mingi, haingii kabisa."

"Rahisi, halafu ana mbio," alisema refa, akitikisa kichwa. "Nimewachezesha sana vijana wa aina hiyo. Kadi nyekundu."

"Na hilo la kuingia," aliongeza mwenyekiti, "si hoja yetu. Hilo ni la Kamati ya Kuingia."

"Iko wapi hiyo, mzee?"

"Haijaundwa."

*

Hata hivyo kamati ilikuwa ya haki, haikutaka kuamua kwa maneno. Iliamua kufanya jaribio. Kompyuta mbili ziliazimwa kutoka Wizara ya Ukame, ambayo haikuwa na shughuli kwa kuwa mvua zilikuwa zinanyesha. Sogora akawekwa hii, Jemadari akawekwa ile, na kila mmoja akapewa kazi moja: kuandikisha watoto elfu moja. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Watoto elfu moja! Mwajabu akakimbilia kabatini, akarudi amekumbatia madaftari.

"Mzee, hapa kuna watoto elfu tatu na mia mbili wanaosubiri. Tuwape hawa hawa. Tutakuwa tumepima, na tutakuwa tumewaandika."

Kamati ilimcheka kwa upole, kama anavyochekwa mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

"Watoto wa kweli si wa kuchezea, binti yangu," alisema Bwana Chambuso. "Jaribio lina watoto wake."

Watoto wa jaribio walikuwa wamebuniwa na kamati ndogo kwa siku nne. Walikuwa na majina, uzito, na hata mama zao. Saa nne na nusu asubuhi watoto hao elfu moja, ambao hakuna tumbo lililowabeba, walianza kupewa namba. Sogora aliwamaliza kwa dakika nne. Feni yake, iliyokuwa ikinong'ona tu, ikanyamaza.

"Mbona imetulia?" aliuliza refa.

"Imemaliza, mzee."

"Imemaliza au imechoka?"

"Imemaliza. Majina ndiyo haya."

Refa akagusa sanduku kwa kidole. "Baridi. Haina hata jasho."

Upande wa pili Jemadari alikuwa ananguruma. Feni yake ilivuma hata karatasi zikaruka, vikombe vikacheza juu ya sahani, na upepo uliotoka nyuma ulikuwa wa moto mpaka mtaalamu wa mbolea akausogezea chapati yake. Dakika ya sita, ya nane, ya kumi, bado ananguruma. Wajumbe walisimama mmoja mmoja, bila kuambiwa, kama wanavyosimama wimbo wa taifa ukipigwa.

"Sikilizeni huo uwajibikaji," alisema Bwana Chambuso, na jicho lake moja lilikuwa na machozi.

Taarifa iliandikwa siku ile ile, jambo lisilo la kawaida. Kuhusu utendaji ilisema: Sogora amefanya kazi dakika nne, akakaa; Jemadari amefanya kazi dakika kumi na moja bila kupumzika, hivyo amemzidi mwenzake karibu mara tatu. Kuhusu thamani ilisema: thamani ya Jemadari ni kubwa mara tano, kama bei yenyewe inavyothibitisha. Watoto elfu moja wakafutwa, mashine zikarudishwa Ukame.

Mwajabu ndiye aliyeambiwa awafute. Alibonyeza kitufe, akayatazama majina yakipotea moja baada ya jingine, akajikuta anawaonea wivu. Walau walikuwa wamewahi kuwa na namba.

*

Sogora, kwa kuwa ameshindwa, alitiwa kwenye droo akisubiri kurudishwa dukani. Jemadari wa kununuliwa aliagizwa kutoka mbali. Zikabaki siku tatu.

Siku hiyo, saa saba mchana, idara nzima ilitoka kwenda kula. Chakula cha mchana katika nchi hiyo kilidumu kwa saa mbili na nusu. Mwajabu hakuwa na njaa. Alisimama mbele ya droo, Tausi amelala mgongoni, pumzi yake ikimpasha joto kati ya mabega.

"Mama anashika kidogo tu," alimwambia. "Hata hachukui."

Alifungua sanduku. Akaitoa ile iliyoungua, akafuta masizi kwa upindo wa khanga, akapaka dawa ya kupitisha joto, akamweka Sogora kwenye tundu. Naye Sogora akaingia mwenyewe, bila kulazimishwa, kama mguu unavyoingia kwenye ndara za nyumbani. Mwajabu akawasha.

Chini ya cheti chake cha kifo, mashine ikafumbua kioo.

Kwa haraka alikosea jina la mwanawe mwenyewe, akafuta, akaandika tena. T-a-u-s-i. Cheti kilitoka kikiwa na joto, akakiweka shavuni. Angeweza kuondoka hapo. Lakini lile daftari lilikuwa wazi, na humo Daktari Kizibo alikuwa amekuja kuwawekea alama nyekundu watoto wa kambi ya macho. Walikuwa thelathini na wawili. Kila mmoja alikuwa na mama mahali fulani, anayepitisha vidole mbele ya uso mdogo usiogeuka. Aliwaandika wote. Alimaliza ikiwa imebaki nusu saa, na akaitumia kukimbia hospitali.

Daktari Kizibo alikikamata kile cheti kwa mikono miwili. "Kesho asubuhi," alisema. "Saa mbili. Asinyonye baada ya saa kumi alfajiri." Wakakumbatiana, Tausi katikati, akilalamika.

Basi usiku ule Mwajabu aliota mwanawe anamtazama.

*

Kesho yake saa mbili kasorobo, Tausi akiwa amevalishwa kanzu ya hospitali yenye mikono mirefu kuliko yeye, karani wa upasuaji alipiga simu idarani kuhakiki. Ni utaratibu tu.

"Mashine yenu ya uzazi inafanya kazi?" aliuliza.

"Haifanyi," alijibu Bwana Chambuso, aliyekuwa ndio kwanza amefika na anapenda kujibu kwa uhakika. "Imefariki. Ninacho cheti chake hapa ukutani."

"Mbona hapa nina hati ya mtoto iliyotolewa jana?"

"Na nani?"

"Na hiyo mashine."

"Ndugu yangu," alisema Bwana Chambuso kwa sauti ya msiba, "hati hiyo imetolewa na marehemu."

Karani alikata simu, akamtazama Mwajabu kwa huzuni ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. Hadithi hii haina mtu mbaya. Alimvua Tausi ile kanzu mwenyewe, taratibu, akiinua mkono mmoja mmoja asimuumize.

Ilipofika saa sita watoto thelathini na watatu walikuwa wametangazwa kuzaliwa kinyume cha sheria, na namba zao zimefutwa. Sogora alichomolewa, akafungwa kwenye bahasha yenye lakiri, akawa kielelezo. Mwajabu hakufukuzwa kazi. Kumfukuza kulihitaji kumlinganisha kwanza na mtumishi mwingine asiyefukuzwa, na kamati ilikuwa imebanwa.

"Nilikwambia nimwandike kwangu," Semeni alisema jioni, safari hii bila kutania, akilia kuliko Mwajabu.

Daktari Kizibo aliwaomba wageni waongeze siku mbili. Wakaongeza moja. Halafu wakafunga masanduku yao.

"Watarudi mwakani," alimwambia Mwajabu mlangoni. "Nilisema jicho huenda lisijue la kufanya na mwanga. Nilisema huenda, mama Tausi. Na sisi madaktari tunakosea. Mlete tu."

"Nitamleta," alisema Mwajabu. Mtu akisema mlete, unamleta.

*

Jemadari aliwasili kesho yake, kwenye gari lenye bendera.

Sherehe ilikuwa imepangwa saa tano. Saa nne Mwajabu alimtoa kwenye boksi, akamjaribu juu ya tundu, akamgeuza, akamjaribu tena ingawa alijua.

"Mzee, haingii."

Bwana Chambuso alitazama uani, kwenye mahema, viti vya waheshimiwa na bendi inayopasha tarumbeta. "Na feni yake? Feni inaingia?"

"Feni inaingia, mzee. Lakini chini yake hakuna kitu."

"Weka feni."

Akaweka feni. Ikaunguruma mle ndani ya sanduku tupu, kubwa, ya kuaminika, vioo vya madirisha vikatetemeka, na bendi ikanyamaza kwa heshima.

Waziri, Dakta Mtengeti, alizungumza kwa saa moja na robo juu ya kasi. Kisha ikatakiwa picha akiwa na mtoto mmoja aliyezaliwa rasmi kwa mtambo mpya. Kwa kuwa hapakuwa na mwingine karibu, na ili ionekane serikali haina kinyongo, akachukuliwa Tausi. Akakabidhiwa cheti cha ubao, kirefu kuliko mama yake, chenye tarakimu kumi na tisa. Zote zilikuwa sifuri. Kilikuwa cha mfano tu.

Waziri alimwinua Tausi juu mbele ya mashine. Taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka pembeni, karibu na pua yake. Tausi hakuigeukia. Kisha ile feni ikabadili mvumo, ikapanda, na mtoto akageuza shingo upesi, uso mzima, mdomo wazi, kuelekea kwenye mlio.

"Anaitazama!" alipaza sauti Waziri. "Mnaona? Mtoto wa taifa anautazama mustakabali wake!"

Watu wakasimama. Makofi yalidumu sana. Bwana Chambuso aliyapiga huku akilia, Semeni hakupiga, na wapiga picha wakaomba mtoto ageuzwe tena, naye aligeuka kila walipomgeuza, kule kule kwenye mlio, akicheka mpaka fizi zikaonekana.

Walipomrudisha kwa mama yake, bado alikuwa amekaza shingo kusikiliza. Mwajabu alikifungua kile kiganja kidogo, kidole kimoja kimoja, akakielekeza kwenye upepo uliokuwa ukitoka nyuma ya sanduku.

"Ni feni, mwanangu," alimnong'oneza. "Ni feni tu."